Kabla ya safari, lugha: historia ya mwaka wa maandalizi



Kwenye mkutano wetu uliopita mama mmoja alisimama akasema: "Mutoto yangu anataka kwenda kusoma Russie. Walimutumia makaratasi. Lakini ile maandishi, hata mwalimu wa masomo alishindwa kuisoma. Sasa nitatia mukono juu ya kitu gani?" Watu walicheka kidogo, halafu wakanyamaza, juu vijana wengine watatu walisema nao wanayo makaratasi kama hayo. Ndiyo maana kamati imetuomba tuandike habari hii: zamani watu walitayarishwa namna gani kusoma kwa Kirusi, na sisi hapa Kalemie tunaweza kutengeneza kozi gani ya kuwatangulia watoto wetu.

Tuanze na mwaka 1960. Mwaka huohuo Kongo ilipopata uhuru, Moscow kulifunguliwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Masomo yalianza mwezi wa kumi, na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 500. Tarehe 22 Februari 1961, wiki chache baada ya Patrice Lumumba kuuawa hapa Katanga, chuo kikapewa jina lake. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, na mwaka 2023 likarudishwa.

Kwa Mkongomani njia haikuwa nyoofu. Septemba 1960 Mobutu aliwafukuza wanabalozi wa Soviet. Wakarudi, na Novemba 1963 serikali ya Adoula ikawafukuza tena. Kijana wa Kongo aliyetafuta bursi ya Moscow miaka ile alikuwa anaingia katika siasa, apende asipende.

Lakini akifika, hakuna aliyemtaka ajue Kirusi tayari. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa maandalizi. Darasani alikaa na Mwarabu, Mhindi na mtu wa Cuba, na hapakuwa na lugha moja ya kuwafasiria wote. Basi mwalimu alifundisha Kirusi kwa Kirusi: anaonyesha kitabu, anataja kitabu, anafungua dirisha, anataja dirisha. Kwanza sauti na herufi, halafu maneno ya kila siku, ya soko na ya chumba cha kulala. Baadaye ilikuja lugha ya kazi: atakayekuwa daktari anajifunza majina ya mifupa, atakayekuwa injinia anajifunza hesabu kwa Kirusi. Ndipo alipoingia chuoni kwa kweli.

Pia walimu wa Kirusi walitambua kwamba neno halisafiri bila desturi zake. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Vereshchagin na Kostomarov, walitoa kitabu juu ya jambo hilo, lugha na utamaduni kufundishwa pamoja. Chukua mifano miwili. Mwalimu wa Kirusi haitwi kwa jina lake peke yake. Unaongeza jina la baba yake: Ivan Petrovich, ndiyo kusema Ivan wa Petro. Kwetu mtu mzima anaitwa kwa jina la mtoto wake, Baba Furaha, Mama Furaha. Kule ni jina la baba. Tena ukimpelekea mtu maua, yasiwe mawili wala manne. Hesabu ya namna hiyo ni ya msiba.

Na tusifikiri ni sisi peke yetu tuliojifunza lugha ya wengine. Leningrad, mtaalamu Olderogge alikuwa anafundisha Kiswahili, na mwaka 1961 kamusi ya Kiswahili na Kirusi aliyoisimamia ilitoka Moscow. Daraja lilijengwa toka pande mbili.

Sasa, kuna kitu ambacho darasa lile la Moscow halikuweza kufanya, na sisi tunaweza. Wao walikuwa na watu wa dunia nzima katika chumba kimoja. Sisi tuna watu wa Kalemie. Tunajua mtoto wetu anaingia darasani na mzigo gani kichwani: Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha masomo. Mzigo huo ni mali.

Angalieni. Mrusi anasema "chay", sisi chai. Anasema "sunduk", sisi sanduku. Anasema "almaz", sisi almasi. Maneno hayo yalitembea na wafanyabiashara, mengine yakafika kwao, mengine kwetu. Tena Warusi walikopa Kifaransa kama sisi: shofere wao ni "shofyor", garaje ni "garazh", bagaje ni "bagazh", etaje ni "etazh". Mtoto wa Kalemie anaweza kupata maneno kumi siku ya kwanza, na moyo wake ukatulia.

Sarufi pia. Wageni wengi wanalia kwa sababu katika Kirusi sifa inabadilika kufuata jina. Lakini sisi tunasema nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya. Mrusi anasema "novy dom", "novaya kniga", "novoye okno". Njia ni ileile. Ni kweli barabarani tunasema "kitabu mupya" na hakuna anayetupiga. Basi mwalimu aanze kwa kukumbusha Kiswahili bora.

Kinachodanganya ni herufi. Ziko 33, na zingine zina sura ya zetu lakini sauti nyingine. Mtoto anaona PECTOPAH juu ya mlango, anasoma "pektopa". Ni "restoran". P yao ni R yetu, C ni S, H ni N. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu, bila haraka.

Kwa nini tunajisumbua hivi? Sisi tuliovuka ziwa kwa vita tunakumbuka. Kambini tulitia kidole gumba kwenye fomu tusizoweza kusoma, na wengine wetu majina ya watoto yaliandikwa vibaya, mpaka leo yanatusumbua. Na mambo ya leo ni makali zaidi. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa habari za wasichana wa Afrika, wakiwemo wa Uganda na Rwanda, walioahidiwa kazi na masomo Urusi, wakajikuta Tatarstan wanaunganisha ndege za vita zisizo na rubani. Hatusemi kila bursi ni mtego. Wako watu waliosoma kule wakarudi madaktari na mainjinia. Tunasema mtu asitie mkono kwenye karatasi asiyoielewa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kozi ya hatua nne. Ya kwanza, herufi, mpaka mtoto asome jina la mji na la barabara. Ya pili, maneno tunayoshiriki, salamu na hesabu. Ya tatu, desturi: kumwita mkubwa, kuingia nyumbani mwa mtu, baridi na mavazi yake. Ya nne, makaratasi: pasipoti, viza, mkataba. Hapo kila mmoja ajue kulitambua neno la kazi, la masomo, la mshahara, na la jeshi.

Tusidanganyane. Kiwango cha kwanza kabisa cha Kirusi kinahesabiwa maneno 780, na cha kuingilia chuo kikuu ni 2300. Kozi yetu haitafika huko. Mwaka wa maandalizi utabaki kulekule Urusi. Yetu ni ya kumfikisha mlangoni akiwa macho.

Kama katika mtaa wako kuna mzee au mama aliyesoma Moscow, Kyiv au Minsk, mwambie tunamhitaji, hata kama anasema amesahau. Aje na madaftari yake ya zamani ikiwa bado anayo. Na yule mama wa makaratasi, tunamwomba asubiri kidogo kabla ya kutia mkono. Ayalete mkutanoni, tuyasome pamoja neno kwa neno.