Alama ya Sawasawa katika Lugha ya C

Alama ndogo zina historia zake, kama falme zilivyo na zake. Mwaka wa 1557 Robert Recorde, tabibu na mwanahesabu wa Wales, alichoka kurudiarudia maneno ya kwamba kitu hiki ni sawa na kile. Akachora mistari miwili iliyo sambamba, kwa hoja kwamba hapana vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi. Alama = ikawa shahidi: yaeleza lililopo, wala haiamuru neno.

Kompyuta zilipokuja, ilihitajiwa alama ya amri, maana mwandishi wa programu hutaka kuiambia mashine: chukua thamani hii, uiweke katika jina hili. Lugha ya Fortran, iliyotolewa mwaka wa 1957, iliazima alama ya Recorde kwa kazi hiyo. Ndipo x = x + 1, ambayo kwa mwanahesabu ni uongo mtupu, ikawa na maana ya kwamba x iongezwe moja. Wanazuoni waliotunga Algol hawakuridhika; waliitengea amri alama yake, :=, wakaiachia = ushahidi wake wa kale.

C haikuurithi uangalifu huo. Ken Thompson, alipotunga lugha ya B katika maabara ya Bell huko Marekani, alikadiria kwamba katika programu amri ya kuweka thamani hutokea kama mara mbili ya swali la usawa. Basi yastahili alama fupi. Amri ikapewa =, swali likapewa ==. Dennis Ritchie, aliyeijenga C juu ya B mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliufuata mpango huo. Kosa moja alilisahihisha. Amri za mkato, kama ile ya kupunguza, ziliandikwa kwanza =-; lakini x=-1 ilikuwa na maana mbili: je, x ipunguzwe moja, au ipewe hasi moja? Kufikia mwaka wa 1976 alama hizo zilikwisha kugeuzwa kuwa -= na +=.

Hatari ya = ilibaki, kwa kuwa katika C amri hiyo yenyewe ina thamani, hata yaweza kukaa mahali pa swali bila ya kukataliwa. Novemba 2003 mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili katika nakala moja ya programu ya Linux. Kwa macho, mistari hiyo iliuliza kama mtumiaji ni namba 0, yaani mwenye mamlaka yote; kumbe, kwa upungufu wa = moja, ilimpa mamlaka hayo. Hila iligunduliwa mapema, kwa sababu nakala haikulingana na asili yake.

Thompson alitaka kuupunguzia mkono kazi, na kazi hiyo ikaliangukia jicho. Siku hizi programu nyingi zinazofasiri C humwonya mwandishi zionapo = mahali pa swali. Lakini onyo si katazo. Amsomaye C hana budi kuihesabu mistari ya Recorde, kama ni miwili au ni minne.