Kutoka Ghost hadi FOG: jinsi imeji za diski zilivyoanza kusafiri

Leo naiweka PHP kando kidogo nizungumzie jambo ambalo mafundi wa mtandao wanalijua kwa machungu: kuweka programu zile zile kwenye tarakilishi mia, tena zilizo katika miji tofauti.

Zamani ilikuwa ni CD moja na kukesha. Katikati ya miaka ya 1990, Murray Haszard wa Binary Research, Auckland, New Zealand, akaandika Ghost. Unaandaa mashine moja vizuri, unanakili diski yake yote (hiyo nakala ndiyo imeji), kisha unaimwaga kwenye mashine zingine. Symantec walikinunua kitu hicho 1998. Ghost pia iliweza multikasti, yaani seva inatuma mara moja na maabara nzima inapokea pamoja.

Flopi ya kuwashia mashine ilikuwa kero, mpaka Intel wakaleta PXE. Toleo la 2.1 ni la 1999. Kadi ya mtandao yenyewe inaomba anwani kwa DHCP, halafu inavuta faili ya kuanzia kwa TFTP.

Na hapo kwenye TFTP ndipo matawi yanapoumia. Itifaki hii ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kawaida hutuma baiti 512, inangoja jibu, ndipo itume zingine. Ndani ya jengo moja huoni tofauti. Sasa ipitishe kwenye setilaiti, njia tuliyotegemea kufika ng'ambo kabla SEACOM haijawashwa Julai 2009. Kwenda na kurudi ni kama nusu sekunde. Faili ya megabaiti 1 ni vipande 2,048: dakika 17, na Windows bado hujaiona! Imeji ya gigabaiti 10 kwenye laini ya kilobiti 256 ni siku tatu na nusu, ikiwa laini haitakatika. Usimcheke fundi aliyepanda basi la usiku kwenda Mombasa na diski kwenye mkoba. Basi lilikuwa na kasi zaidi.

Multikasti nayo haivuki ruta mpaka uisanidi huko kote, na mara nyingi ruta si yako.

Mwaka 2007 Chuck Syperski na Jian Zhang wakatoa FOG, ya bure, juu ya Linux, Apache, PHP na MySQL (kumbe PHP sijaiacha). Ninachoipendea ni jinsi ilivyokuja kushughulikia matawi. Hifadhidata inabaki kwenye seva kuu, lakini kila tawi linapewa nodi ya kuhifadhi imeji. Nodi moja kwenye kikundi ni kiongozi. Imeji zinanakiliwa kutoka kwake kwenda kwa zingine, nawe unaweza kuziwekea kikomo cha kasi ili watu wa ofisi wasilie mchana. Programu-jalizi ya maeneo ndiyo huiambia mashine ya Kisumu ichukue imeji kwa nodi ya Kisumu, si ya Nairobi.

Ila angalia: unakili ni wa upande mmoja. Ukichukua imeji mpya ukiwa tawini, data inasafiri mpaka kwa kiongozi kwanza, hata kama nodi iko chumba cha pili. Kama tawi ndilo linaloandaa imeji zake, lipe kikundi chake, na kiongozi akae hapo hapo.