Kifaru, Wapagazi na Mto wa Kutengenezwa

Kuanzia mwaka 1964, mashua za mchezo wa Jungle Cruise katika bustani ya burudani ya Disneyland, California, zilipita karibu na nguzo iliyokumbatiwa na wanaume waliojaa hofu. Chini yao alisimama kifaru, pembe imeelekea juu. Aliyekwea juu kuliko wote alikuwa Mzungu mwenye kofia ngumu ya jua. Waliomfuata walikuwa wapagazi wake, Waafrika, na wa mwisho wao ndiye aliyekuwa karibu kuchomwa matakoni. Wote walikuwa sanamu, kifaru naye sanamu. Wageni walicheka, na watoto waliocheka siku hizo walikuja baadaye kuwaleta watoto wao nao wacheke.

Tarehe 25 Januari 2021 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba mandhari hayo yatabadilishwa, California na pia Florida, ambako kuna mchezo kama huo. Wapagazi wangeondoka. Wenyeji wenye mikuki wangeondoka. Angeondoka pia Trader Sam, sanamu ya mchuuzi aliyekuwa mwishoni mwa safari akinadi vichwa vya watu vilivyokaushwa, viwili vyake kwa kimoja cha mteja. Mashabiki wakagawanyika siku hiyohiyo. Wapo walioshukuru kwamba jambo lililochelewa limefika, na wapo waliosema wameporwa utoto wao.

Ugomvi huo ulisikika kama jambo la Wamarekani peke yao. Lakini ukifuata asili ya mchezo wenyewe, utafika Kigoma.

Mwaka 1951 Walt Disney alikutana na mchoraji Harper Goff katika duka moja la treni ndogo za kuchezea jijini London. Goff ndiye aliyekuja kuchora mto wa Disneyland, na mfano wake aliuchukua kutoka filamu iliyotoka mwaka huohuo, *The African Queen*. Mwongozaji wake, John Huston, aliwapeleka waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi Mto Ruiki, Kongo, na baadaye Uganda, karibu na maporomoko ya Murchison. Mashua za Disney zilichukua sura ya mashua ile ya moshi waliyoabiri Bogart na Hepburn.

Filamu nayo ilitokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935, inayohusu mashua ndogo inayokwenda kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Nyuma ya riwaya kuna vita vya kweli vya Ziwa Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza meli *Graf von Götzen*. Ilifunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya. Waingereza walijibu kwa kuleta mashua mbili, *Mimi* na *Toutou*, kutoka Cape Town kwa reli, zikakokotwa nchi kavu kupitia Kongo huku vibarua wakifyeka njia na kujenga madaraja. Desemba 1915 waliiteka *Kingani*, meli ya Wajerumani. Februari 1916 waliizamisha nyingine, *Hedwig von Wissmann*. Wajerumani waliizamisha *Graf von Götzen* kwa mikono yao wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza waliiopoa miaka ya 1920, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la *Liemba*, jina ambalo vizazi vya abiria kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vimelijua.

Nani alibeba mizigo ya vita ile? Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, imechukua majina yake kutoka kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa maradhi na njaa na si kwa risasi. Historia hiyo ilipita kwenye riwaya, ikapita kwenye filamu, na ilipofika California ilikuwa imebaki mashua yenye chandarua, na mpagazi aliyening'inia kwenye nguzo ili watu wacheke.

Hili halikupangwa kwa nia mbaya, na haki yao wabunifu wapewe: kazi waliyoifanya ilikuwa ya ajabu. Disney mwenyewe alitaka wanyama hai. Wataalamu walimweleza kwamba wanyama hulala mchana au hujificha, na mgeni wa saa nane hangeona chochote. Ndipo fundi Bob Mattey akatengeneza viboko na mamba wa mashine. Mtaalamu wa bustani Bill Evans alipanda msitu mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa, na mingine kati ya michungwa hiyo aliigeuza juu chini, mizizi ikaelekea angani na kuvikwa mimea itambaayo. Maji yalitiwa rangi ya matope ili reli inayoiongoza mashua isionekane chini. Nahodha anashika usukani, lakini haongozi chochote. Bustani ilipofunguliwa Julai 17, 1955, Jungle Cruise ilikuwa miongoni mwa vivutio vya siku ya kwanza.

Maelezo ya manahodha wa mwanzo yalikuwa ya kusomesha, kama filamu za wanyama ambazo kampuni hiyo ilikuwa ikizitoa wakati huo. Mwaka uleule wa 1955 ilitoa *The African Lion*, iliyopigwa na mume na mke, Alfred na Elma Milotte, baada ya kuishi muda mrefu katika mbuga za Afrika. Inasimuliwa kwamba Disney alimsikia mama mmoja akimwambia mtoto wake hakuna haja ya kupanda mashua tena, kwa kuwa walishaipanda safari iliyopita. Alimwita Marc Davis, mchoraji wa katuni mwenye kipaji cha kuchekesha bila maneno. Mwaka 1962 likaja bwawa la tembo wanaooga. Mwaka 1964 ikaja mbuga ya Afrika, pamoja na nguzo ya kifaru.

Hapo ndipo mchezo ulipopata roho yake. Manahodha walianza kutania. Mashua inapozunguka nyuma ya maporomoko yaitwayo Schweitzer, nahodha huwatangazia abiria kwa sauti ya heshima kuu kwamba sasa wanauona mgongo wa maji, ajabu ya nane ya dunia. Utani huo umerudiwa kwa miongo mingi na mashabiki huutamka pamoja na nahodha. Kazi ya unahodha yenyewe ikawa shule ya wachekeshaji. John Lasseter, aliyekuja kuongoza *Toy Story*, alipata kuifanya akiwa kijana. Anayewashangaa watu wazima wanaolilia sanamu za plastiki na ahesabu kwanza ni mara ngapi familia moja imepita mto ule, babu, mwana na mjukuu, wakicheka mahali palepale. Mapenzi hayo ni ya kweli.

Na yamewahi kuleta maandamano. Habari zilipovuja kwamba mchezo wa Mr. Toad's Wild Ride katika bustani ya Magic Kingdom, Florida, utafungwa, mashabiki walivaa fulana za kijani wakakusanyika bustanini kuutetea. Ulifungwa Septemba 7, 1998, na nafasi yake ikachukuliwa na Winnie the Pooh. Mwaka mmoja kabla, California, mandhari ya maharamia wanaowafukuza wanawake katika Pirates of the Caribbean yalibadilishwa ili waonekane wanafukuzia chakula. Wapo waliolalamika kwamba haramia asiyetenda maovu si haramia.

Joto halisi lilikuja mwaka 2020, wakati Marekani nzima ilipokuwa ikibishana juu ya ubaguzi wa rangi. Mashabiki wenyewe walianzisha waraka wa kukusanya sahihi, wakitaka mchezo wa Splash Mountain uachane na hadithi za filamu ya *Song of the South* ya mwaka 1946, inayowachora Weusi wa mashambani kama watu walioridhika wasio na dhiki, na upewe binti Tiana, binti mfalme wa kwanza Mweusi wa Disney. Wengine wakajibu kwa waraka wao wa kuutetea mchezo ubaki. Juni 25, 2020 kampuni ilitangaza mabadiliko. Florida ilipoufunga Januari 2023, watu walipanga foleni kwa saa nyingi kupanda mara ya mwisho, na wapo waliochota maji ya mchezo kwenye chupa wakayauza mtandaoni.

Kwa hiyo zamu ya Jungle Cruise ilipofika, kila upande ulikuwa na hoja zake tayari. Aprili 2021 mwanasheria mmoja wa Las Vegas, mpenzi wa Disney wa miaka mingi, aliandika katika gazeti la *Orlando Sentinel* kwamba siasa zinaiharibu raha ya bustani. Kwake, kila mtu mzima anajua Trader Sam ni kichekesho tu. Makala yake ilisambaa kote Marekani, ikaungwa mkono na wengi na kupingwa na wengi. Wengine walikubali wapagazi waondoke, ila walisikitika kuona mkono wa Marc Davis ukifutwa. Kundi la tatu lilisema limeona aibu kwa miaka mingi kila mashua ilipofika penye mikuki.

Hoja ya kichekesho inastahili kujibiwa kwa uzito. Ni kweli Davis alimchekelea pia Mzungu wa kileleni: bwana ndiye aliyewatangulia wote kukimbia. Lakini mgeni wa Kimarekani aliyeshuka kwenye mashua alikuwa na picha elfu nyingine za watu wa aina ya bwana yule, marais, walimu, madaktari, jirani zake. Kuhusu mtu wa Kongo au wa Tanganyika, wengi hawakuwa na nyingine ila hii. Na hata hii haikuwa sahihi. Desturi ya kukausha vichwa vya maadui hadi vikawa vidogo inajulikana kwa Washuar na jirani zao wa misitu ya Amazon, huko Ekuado na Peru, si katika bonde la Kongo. Mchezo uliukoroga ulimwengu wote wa kitropiki katika mto mmoja, na kila mtu mwenye ngozi nyeusi au ya kahawia akawa wa kutisha au wa kubeba.

Disneyland iliufungua upya mchezo katikati ya Julai 2021. Kwenye nguzo sasa wapo abiria wa mashua: mchoraji kutoka Mexico, mtaalamu wa wadudu kutoka Japani, nahodha mwenye mikosi. Kifaru yuko palepale. Penye Trader Sam pamekuwa duka la vitu vilivyopotea, mali ya Alberta Falls, mwenye kampuni ya mashua katika hadithi mpya. Sokwe wameivamia mashua iliyovunjika. Manahodha wanaendelea na utani wao, mgongo wa maji ukiwamo, na kelele nyingi za Januari zikatulia abiria walipoanza kupanda. Jina la Sam halikufa: tangu mwaka 2011 hoteli ya Disneyland ina baa inayoitwa kwa jina lake.

Kuna jambo ambalo halikusikika sana katika ugomvi huo wote. Mashua za Magic Kingdom, Florida, zina majina ya mito yaliyounganishwa na majina ya wasichana, yakiwamo Rutshuru Ruby, Wamba Wanda, Sankuru Sadie, Mongala Millie, Bomokandi Bertha. Hii ni mito ya kweli ya Kongo. Rutshuru ni mto na mji wa Kivu ya Kaskazini, mahali panapozungumzwa Kiswahili, ambapo watu wamekimbia vita mara nyingi kuliko inavyofaa mwanadamu kukimbia. Februari 2020, Bomokandi Bertha ilipoingia maji na abiria ndani, jina hilo lilizunguka katika vyombo vya habari vya dunia, na hakuna aliyeona haja ya kueleza Bomokandi ni nini. Mabadiliko ya 2021 yaliondoa tusi, na hilo lilikuwa jema. Hayakuleta mtu. Wenyeji wabaya walipotoka, hakuja mvuvi wa Sankuru wala nahodha wa Kigoma kuchukua nafasi yao.

Si kwamba kampuni ilishindwa kujua njia nyingine. Katika bustani yake ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida mwezi Aprili 1998, mbunifu Joe Rohde na wenzake walijenga mji wa kubuni uitwao Harambe, wenye kuta na milango iliyoigwa pwani yetu, hasa Lamu, na vibao vya Kiswahili. Hapo huanzia Kilimanjaro Safaris, safari ya gari kati ya twiga, simba na tembo walio hai, kile alichokitaka Walt Disney tangu mwanzo. Hata huko wageni wamewahi kuubadilisha mchezo. Hadithi ya awali ilihusu majangili na tembo jike aitwaye Big Red, na wakati wa majaribio gari lilipita penye mzoga wake wa kutengenezwa. Wageni walishtuka, ukaondolewa kabla ya ufunguzi, na tembo akawa wa kuokolewa. Hadithi yote ya ujangili ilifutwa mwaka 2012, na mashabiki wapo ambao bado wanaikumbuka kwa uchungu, wakisema bila hiyo safari imebaki matembezi ya kutazama wanyama.

Mji ule una kasoro zake, na Afrika Mashariki iliyozeeshwa kwa rangi ya ukutani inaweza kumchosha anayeijua ile ya kweli. Lakini kwa miaka mingi Disney imekuwa ikiajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kufanya kazi katika bustani hiyo na hoteli yake. Huwapokea wageni, hueleza wametoka wapi, na hujibu maswali, hata yale ya kijinga. Mgeni akitaka kujua kama kwao watu hukausha vichwa, yupo wa kumjibu.