Mwethya: Jembe la Hiari na Jembe la Amri

Kabla Ukambani, nchi ya Wakamba huko Kenya, haujawa na chifu wa serikali, mwethya ulikuwepo. Mtu akizidiwa na kazi, kama kujenga nyumba au kufyeka shamba jipya, aliwaita majirani. Walikuja na majembe yao, wakala na kunywa kwake, na siku nyingine wakaitwa kwa mwenzao. Hakuna aliyelipwa wala aliyeswagwa. Ndiyo taasisi tunayoiadhimisha hapa, kwa sababu habari za kazi ya shuruti Kitui na Makueni hazisimuliki bila kuitaja.

Serikali ya kikoloni iliitamani nguvu hiyo. Kufikia mwaka 1920 sheria iliruhusu mwanamume kulazimishwa kufanya kazi siku 24 kwa mwaka bila malipo, kwa kazi zilizoitwa za jamii, na siku 60 nyingine za kazi ya serikali kwa ujira. Aliyekuwa ameajiriwa miezi mitatu ndani ya mwaka alisamehewa hizo 60, na hapo mtego ulionekana wazi: ukikimbia barabara ya serikali, unaangukia shamba la mlowezi.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 29 dhidi ya kazi ya shuruti. Uingereza iliuridhia mwaka 1931, na Kenya ikalazimika kurekebisha sheria zake. Hatua hiyo ilikuwa na maana. Lakini mkataba uliacha mlango wazi: kazi ndogo ndogo za kijiji hazikuhesabiwa kuwa shuruti, mradi wanakijiji au wawakilishi wao wa moja kwa moja wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Nani aliulizwa? Chifu aliteuliwa na serikali, akalipwa na serikali, na angeweza kuondolewa na serikali. Kumwita huyo mwakilishi wa watu ni kuwadhulumu watu mara ya pili. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, hata vizuizi vya mkataba huo vililegezwa, na kuanzia mwaka 1942 Waafrika walichukuliwa kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Baada ya vita, shuruti ilihamia kwenye udongo. Makueni, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Machakos, vichaka vya mbung'o vilifyekwa ili watu wahamishiwe huko, nao walipewa masharti ya kulima na kufuga. Wengi walisita. Watu walioona ng'ombe wao wakikamatwa na serikali mwaka 1938, na Muindi Mbingu akipelekwa kizuizini Lamu kwa kuongoza upinzani, walikuwa na sababu ya kuhofia kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa kwa amri ya chifu hayakupata wa kuyatunza.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, pale maofisa wa maendeleo ya jamii walipokubali vikundi vya mwethya vichague viongozi wao na shamba la kuanzia. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta kazi mbali. Wao ndio waliotapakaza matuta kwenye vilima vya Ukambani, wakiimba. Kwa maoni yangu, walitimiza roho ya ule mkataba wa ILO kuliko ofisi yoyote ya wilaya.

Kenya huru iliuridhia Mkataba Na. 29 kwa jina lake tarehe 13 Januari 1964. Hata hivyo ilirithi Sheria ya Mamlaka ya Machifu, iliyoruhusu watu kuitwa kwa lazima kuhifadhi maliasili, na kwa miaka mingi wataalamu wa ILO waliendelea kuihoji serikali juu yake. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 30, inakataza kazi ya shuruti.

Mwethya wenyewe haukuisubiri katiba hiyo. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL la Kitui limejenga na wanakijiji mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Shirika huleta saruji na fundi. Wanakijiji hubeba mawe, mchanga na maji.