Ahadi ni Deni la Nani? Historia ya Michezo ya Video Iliyochangiwa na Umma na Matoleo Yake Yaliyoachwa

Utangulizi

Msemo wa Waswahili kwamba ahadi ni deni umezoeleka mno hata huonekana hauhitaji kuchunguzwa. Lakini kila deni lina pande mbili, mdai na mdaiwa. Na mdai hudai kitu maalumu, wala si chochote chenye thamani iliyo karibu na hicho. Katika makala haya tunakusudia kuupima msemo huo kwa tukio la historia ya karibuni. Kati ya mwaka 2012 na 2019, watengenezaji wa michezo ya video wa Marekani, Japani, Uingereza na Australia walichangisha fedha kwa umma. Waliahidi kwamba michezo yao ingetolewa kwa ajili ya konsoli kadha wa kadha, kisha baadhi ya matoleo hayo wakayaacha. Kwa neno konsoli tunamaanisha mashine iliyoundwa hasa kwa kuchezea, ama ya kuunganishwa na televisheni, ama ya kushikwa mkononi.

Wako waliouita mwenendo huo wizi, na wako waliouita ajali ya biashara. Tutajaribu kuonyesha kwamba chanzo kilikuwa katika namna ahadi zenyewe zilivyotolewa: zilitumiwa kama ngazi ya kupandishia michango, na zilitegemea mashine ambazo mtoa ahadi hakuwa na mamlaka juu yake.

1. Kulipa kabla ya kupokea

Desturi ya kulipia kazi ambayo bado haijafanywa haikuanza na kompyuta. Katika Uingereza ya karne ya 18, vitabu vikubwa vilichapishwa mara nyingi kwa njia hiyo. Mwandishi alitangaza kusudi lake. Wasomaji wakaandikisha majina yao na kulipa sehemu ya bei. Fedha hizo zikamwezesha kuishi wakati wa kazi. Ndivyo Alexander Pope alivyoitafsiri Iliadi ya Homer katika majalada sita yaliyotoka kati ya 1715 na 1720, na kazi hiyo ikampa utajiri.

Samuel Johnson naye alitangaza mwaka 1756 kwamba angehariri tamthilia za Shakespeare, na kwamba kazi ingekuwa tayari ifikapo mwisho wa mwaka 1757. Ilitoka mwaka 1765. Boswell, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba Johnson alipoulizwa habari ya orodha ya waliolipa, alijibu kwamba hawezi kuichapisha, kwani majina ameyapoteza na fedha amekwisha kuzitumia.

Mfano huu watufundisha mambo mawili. Kwanza, kuchelewa ni ndugu wa kale wa malipo ya kabla. Pili, waliolipa walipata hatimaye kile walichokilipia, kwa sababu kitabu kikichelewa miaka minane hubaki kitabu, na husomwa na kila ajuaye kusoma. Mchezo wa video hauna hali hiyo. Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya konsoli moja hauchezeki katika konsoli nyingine, na mwenye mashine ambayo haikutengenezewa toleo lake ni sawa na mtu aliyepewa kitabu katika lugha asiyoijua. Tofauti hii ndiyo kiini cha habari yetu.

2. Mwaka wa 2012

Kickstarter ilianzishwa New York mwezi wa Aprili 2009. Kanuni yake ni nyepesi: mwenye mradi hutaja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho; kiasi kikitimia, huzipokea fedha; kisipotimia, hakuna anayetozwa chochote. Kila mchangiaji huahidiwa zawadi kulingana na mchango wake, na katika michezo ya video zawadi ya kawaida ni mchezo wenyewe.

Kwa watengenezaji wa michezo, mlango ulifunguliwa hasa mwezi wa Februari 2012. Kampuni ya Double Fine ya San Francisco iliomba dola 400,000 kwa ajili ya mchezo wa aina ambayo wafadhili wa kawaida waliiona imepitwa na wakati. Ilipata zaidi ya dola milioni 3.3 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 87,000. Habari hiyo iliwafikia watengenezaji wengi waliochoka kuwabembeleza wenye mitaji. Umma ulionekana kuwa tajiri mpya, tena tajiri mpole, asiyeomba hisa wala faida.

Wingi huo wa fedha ulileta swali ambalo halikutazamiwa: mtu aliyeomba laki nne na kupata milioni tatu afanye nini na ziada? Jibu lililoenea lilikuwa kuahidi zaidi.

3. Ngazi ya ahadi

Hapo ndipo yalipoanza kutawala malengo ya ziada. Mchango ukifika kiasi fulani, mchezo utaongezewa muziki. Ukifika kiasi kingine, utaongezewa sura mpya. Ukipanda tena, utatolewa kwa konsoli hii au ile. Kila ngazi ilikuwa na sababu mbili: kuelezea matumizi ya fedha, na kuwavuta watu wapya. Toleo la konsoli lilifaa sana kwa sababu ya pili, kwa kuwa lilimleta kila mwenye mashine hiyo, naye akawaita wenziwe.

Mfano mkubwa ni Mighty No. 9, mchezo wa Keiji Inafune na kampuni yake ya Comcept ya Japani. Mwezi wa Agosti 2013 iliombwa dola 900,000, na siku ya mwisho zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 3.8 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 67,000. Katika kupanda huko, orodha ya mashine ilirefuka hadi kufikia kumi, zikiwamo mbili za mkononi: Nintendo 3DS na PlayStation Vita, zilizowekwa kwenye ngazi ya dola milioni 3.5. Mchezo uliahidiwa kwa Aprili 2015. Ukaahirishwa mara kadhaa, ukatoka mwezi wa Juni 2016. Matoleo ya mkononi yalisemekana yangefuata baadaye. Hayakutoka.

Tuangalie hesabu iliyofichika katika ngazi hiyo. Kuhamishia mchezo kwenye mashine nyingine si kazi ya kunakili. Kila konsoli ina kichakato chake, kiasi chake cha kumbukumbu, na vifaa vyake vya kutengenezea michezo. Mchezo uliobuniwa kwa mashine yenye nguvu hauna budi kupunguzwa na kurekebishwa ili uingie katika mashine dhaifu. Isitoshe, mwenye konsoli, awe Nintendo, Sony au Microsoft, lazima atoe kibali, na toleo lazima lipite majaribio yake. Kazi hiyo hudai mishahara ya miezi mingi. Lakini bei ya ngazi iliwekwa wakati wa kuchangisha, kabla mchezo wenyewe haujakuwako, tena kwa kuangalia pale mchango ulipofika siku ile. Ilipimwa kwa shauku ya umma kabla kazi yenyewe haijajulikana kipimo chake.

4. Mashine zilizokufa kabla ya michezo

Sababu ya pili ilikuwa nje ya uwezo wa watengenezaji. Konsoli nayo ina umri wake. Wii U ya Nintendo ilitoka Novemba 2012. Mashine iliyoitangulia, Wii, iliuzwa zaidi ya milioni 100; Wii U iliuzwa chini ya milioni 14, na utengenezaji wake ukasimamishwa mwezi wa Januari 2017. PlayStation Vita ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2011, ilikoma kutengenezwa mwaka 2019. Michezo iliyoahidiwa mwaka 2013, 2014 na 2015 ikawa inakamilika wakati mashine hizo ziko katika kufa.

Yooka-Laylee, kazi ya kampuni ya Playtonic ya Uingereza, ilichangiwa mwaka 2015 zaidi ya pauni milioni mbili na watu zaidi ya 73,000. Mwezi wa Desemba 2016, miezi minne kabla ya mchezo kutoka, kampuni ilitangaza kuliacha toleo la Wii U kwa sababu za kiufundi, na kuahidi badala yake toleo la Switch, konsoli mpya ya Nintendo iliyokuwa bado haijauzwa popote.

Bloodstained, mchezo wa Koji Igarashi, ulichangiwa mwaka huohuo wa 2015 zaidi ya dola milioni 5.5. Toleo la Wii U liligeuzwa kuwa la Switch mwaka 2017. Toleo la Vita lilifutwa mwaka 2018, kwa hoja kwamba Sony yenyewe ilikuwa inaiacha mashine hiyo. Mwisho wa mwaka huo yakafutwa pia matoleo ya kompyuta zinazotumia mifumo ya Mac na Linux. Mchezo ulitoka Juni 2019, nao ulisifiwa na wengi.

Hollow Knight, kazi ya watu wachache wa Adelaide nchini Australia, ulichangiwa mwaka 2014 dola za Australia zipatazo 57,000 tu. Toleo la Wii U lilikuwa mojawapo ya malengo ya ziada, na lengo hilo lilitimia. Mchezo ulitoka kwa kompyuta Februari 2017. Toleo la Wii U likaachwa, na la Switch likatoka Juni 2018.

Mifano hii mitatu yaonyesha kwamba kuachwa kwa matoleo hakukuwa dalili ya mchezo mbovu wala ya mtu mwovu. Watengenezaji wazuri na wa kawaida, maskini na matajiri, wote walinaswa na jambo lilelile.

5. Badala si kitu kilekile

Dawa iliyotolewa mara nyingi ilikuwa badala: mchangiaji achague mashine nyingine. Kwa mwenye kompyuta na konsoli tatu nyumbani, badala hiyo ilitosha. Lakini tumfikirie kijana aliyekuwa na Wii U peke yake, aliyechanga kwa sababu mashine yake imetajwa. Kumwambia achukue toleo la Switch ni kumwambia anunue kwanza konsoli ambayo Marekani iliuzwa dola 300 ilipotoka. Zawadi yake ipo, wala hawezi kuipokea.

Kwa mtazamo wa soko, uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kwa nini kutumia miezi ya kazi kwa mashine ambayo hakuna atakayeinunua tena? Hata hivyo, ahadi haikutolewa kwa soko. Ilitolewa kwa watu waliohesabika, ambao fedha zao zilikuwa zimekwisha kutumika. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo kosa lilipo: mtengenezaji aliomba kama mtu aombaye kwa jamaa zake, kisha akaamua kama mfanyabiashara aangaliaye wateja wajao.

6. Jina la mchangiaji

Lugha yetu yaweza kutusaidia hapa. Anayenunua ni mnunuzi, na hudai bidhaa. Anayekopesha ni mkopeshaji, na hudai fedha zake. Anayetoa arubuni hufunga mapatano ya kitu kinachojulikana. Anayechanga huingia katika jambo la wengi kwa moyo wake. Tena kuna mwanachama wa likelemba, kama tuiitavyo hapa Kongo: yeye huchanga, lakini kila mmoja ajua zamu yake, na anayevunja zamu huvunja heshima yake mbele ya watu wanaomjua kwa sura.

Mchangiaji wa mchezo wa video alikuwa yupi kati ya hao? Kickstarter ilitangaza mwezi wa Septemba 2012 kwamba si duka. Mwaka 2014 ilieleza upya katika masharti yake kwamba mapatano ni baina ya mwenye mradi na mchangiaji, na kwamba anayeshindwa kutimiza hana budi kueleza fedha zilivyotumika na kutafuta suluhisho la haki. Mwezi wa Juni 2015, idara ya serikali ya Marekani inayolinda walaji ilimshtaki kwa mara ya kwanza mwenye mradi wa aina hii: mchezo wa ubaoni uliochangiwa zaidi ya dola 122,000, ambazo, kwa mujibu wa mashtaka, alizitumia kwa mahitaji yake mwenyewe. Basi sheria ilijua kumshika aliyekula fedha. Aliyefanya kazi kwa bidii na kuacha toleo moja kati ya kumi ilimwachia dhamiri yake.

Hitimisho

Mfano wa kinyume haukosekani. Mwaka 2013, Yacht Club Games ya Marekani ilichangisha zaidi ya dola 311,000 kwa ajili ya Shovel Knight. Mchezo ulitoka mwezi wa Juni 2014, ukiwa na matoleo ya Wii U na 3DS kama yalivyoahidiwa. Malengo ya ziada yaliyobaki yaliwachukua watengenezaji hadi Desemba 2019, yaani zaidi ya miaka mitano baada ya mchezo wa kwanza kuuzwa. Walilipa deni hadi senti ya mwisho, na muda huo ni kipimo kizuri cha uzito wa ahadi zilizotolewa kwa urahisi katika mwezi mmoja wa kuchangisha.

Tumeona kwamba, tangu Johnson hadi Hollow Knight, anayepokea fedha kabla ya kazi hujikuta akiahidi wakati asioujua. Kizazi hiki kiliongeza jambo moja, nalo ni kuahidi mashine ya mtu mwingine. Anayetaka kuchangisha kesho, awe mtengenezaji wa mchezo au mhariri wa kamusi, aweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kutamka: kazi hii ni ya miezi mingapi, ni nani mwenye uwezo wa kuizuia, na ikishindikana, ni nani hasa nitakayemkosesha? Swali la tatu ndilo lililosahauliwa. Ahadi ni deni, naam. Na deni hulipwa kwa aliyelidai, kwa kitu alichokidai.