Tarehe ya Makanisa Yaliyoshirikiana, toka Kettering hadi Yalemba

Nchini Uingereza, katika nusu ya pili ya karne ya 18, Wabatisti walikuwa akali ya watu, wengi wao mafundi, wakulima na wachuuzi wa miji midogo, waliokutana kumwabudu Mungu katika nyumba zisizo na mnara wala kengele; na kwa kuwa itikadi yao ilikataza kanisa moja kulitawala jingine, wala hawakuwa na askofu wa kuwaamuru au serikali ya kuwakimu, kila jamii ya waumini ilijichagulia mchungaji wake na kumlipa kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo huo aghalabu ulikuwa haba hata mchungaji akalazimika kusomesha watoto au kushona viatu ili apate riziki. Aliyewatazama kwa mbali angedhani kwamba watu waliotawanyika namna hiyo, wenye kushika uhuru wao kwa wivu mkubwa, wasingaliweza kutenda jambo lolote lililozidi mipaka ya kijiji.

Udhaifu huo waliutibu kwa shirika. Makanisa ya Northamptonshire na wilaya jirani yaliungana katikati ya miaka ya 1760, na kila mwaka, karibu na sikukuu ya Pentekoste, wajumbe wao walifunga safari hadi mji uliochaguliwa, wakichukua barua za makanisa yaliyowatuma, na barua hizo zikasomwa mbele ya wote: waliobatizwa ni wangapi, waliofariki ni wangapi, na hali ya imani kwao ikoje. Mchungaji mmoja alitakiwa kutunga waraka, ambao ukisha kukubaliwa ulipigwa chapa na kupelekwa kwa makanisa yote. Ushirika huo haukuwa na amri juu ya mtu, ulikuwa na nasaha tu. Lakini nasaha ya watu wanaojuana kwa majina na kuombeana kwa dhati ilikuwa na nguvu kuliko amri.

Katika mkutano wa mwaka 1784, uliofanyika Nottingham, John Sutcliff, mchungaji wa Olney, aliyekuwa amesoma risala ya Mmarekani Jonathan Edwards juu ya maombi ya pamoja, aliwashauri wenzake kwamba kila kanisa litenge saa moja, jioni ya Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kuomba si kwa ajili ya haja zake peke yake bali kwa ajili ya makanisa yote na kuenea kwa Injili hadi pembe za mbali za dunia. Shauri likapita. Waandishi wengi huianza habari hii na mwaka 1792, mwaka wa fedha na maazimio. Mimi naona ni haki kuianza na 1784, kwa kuwa watu hawa waliomba pamoja miaka 8 kabla ya kuchanga senti moja, na maombi yale ndiyo yaliyowazoeza kuwafikiria watu wasiowajua wala kutaraji kuwaona.

Mwaka 1785 Andrew Fuller, mchungaji wa Kettering, alitoa kitabu cha kuwajibu Wabatisti waliodhani kwamba haifai kumwalika kila mwenye dhambi aamini, kwani Mungu amekwisha kuwateua walio wake. Fuller, ambaye hakupata elimu ya chuo, alithibitisha kwa Maandiko kwamba kuamini ni wajibu wa kila asikiaye, na kwa hiyo kuhubiri kwa wote ni wajibu wa kanisa. Hoja hiyo ilipokubalika, swali la watu wa mbali halikuepukika tena.

Aliyelishika swali hilo bila kuliachia alikuwa William Carey, aliyezaliwa Paulerspury mwaka 1761, fundi viatu kwa kazi na mchungaji wa Moulton kwa wito. Fuller alimkuta amebandika ukutani ramani kubwa aliyoiunda mwenyewe kwa karatasi zilizogundishwa pamoja, na juu ya kila nchi ameandika kwa mkono yote aliyoyapata vitabuni juu ya watu wake, idadi yao na dini yao. Maarifa hayo aliyachapisha mwaka 1792 katika kitabu kidogo chenye majedwali ya nchi za ulimwengu, na humo akapendekeza kwamba waumini wachange peni moja au zaidi kwa juma, kila mtu kwa uwezo wake, ili kazi isingoje hisani ya matajiri. Mwisho wa Mei mwaka ule aliwahubiria wajumbe mjini Nottingham kutoka sura ya 54 ya Isaya. Nao, walipokuwa karibu kutawanyika bila kukata shauri, wakaazimia kwamba mpango wa chama utayarishwe.

Chama kikaundwa Kettering tarehe 2 Oktoba 1792, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjane Wallis, ambaye marehemu mumewe alikuwa shemasi wa kanisa la Fuller. Waliohudhuria hawakufika watu 15, takriban wote wachungaji wa vijijini. Kila mmoja aliandika ahadi yake kwenye kipande cha karatasi, na vipande hivyo vikakusanywa katika kijaluba cha ugoro cha Fuller. Vilipohesabiwa, jumla ilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Carey hakuwa na fedha ya kuahidi, akatoa faida yoyote itakayopatikana katika kitabu chake. Napenda msomaji akitazame kijaluba kile kwa makini, kwani hakuna mtu wa cheo katika nchi aliyetia mkono humo, wala serikali, wala kampuni ya biashara. Zilikuwamo ahadi za watu ambao kwa baadhi yao nusu pauni ilikuwa hesabu ya kulala macho.

Fuller akafanywa mwandishi wa chama, na kazi hiyo akaishika hadi alipofariki mwaka 1815. Alizoea kusimulia kwamba shauri lao lilikuwa kama la watu waliosimama juu ya shimo refu la machimbo ambalo halijachunguzwa, Carey akakubali kushuka iwapo wenzake wataishika kamba, nao wakaahidi kutoiachia maadamu wangali hai. Ahadi hiyo ilimgharimu Fuller afya yake: aliandika barua usiku, aliijibu serikali ilipotishia kuizuia misheni, na mara 5 alisafiri Uskochi kuomba msaada, akihubiri leo mji huu na kesho mji ule. Sutcliff aliwakaribisha vijana nyumbani kwake Olney akawafundisha kabla hawajatumwa. John Ryland mdogo, ambaye ndiye aliyembatiza Carey katika mto Nene mwaka 1783, alihamia Bristol akasimamia kanisa na chuo cha kuwatayarisha wahubiri. Ndipo utaona kwamba tangu mwanzo kuchanga na kufundisha yalikuwa mambo mawili yasiyotengana katika mawazo ya watu hawa: fedha bila mtu aliyefunzwa wasingejua waipeleke kwa nani.

Carey aliwasili Bengali mwezi wa Novemba 1793 kwa jahazi la Kideni, na miaka yake ya kwanza ilikuwa ya ufukara, maradhi na msiba wa kufiwa na mtoto. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pale haikuwataka wamisionari. Kwa hiyo mwaka 1800 alijiunga na Joshua Marshman na William Ward mjini Serampore, uliokuwa chini ya bendera ya Denmark. Huko jamaa hao waliishi kwa mfuko mmoja. Mshahara wa Carey wa kufundisha lugha katika chuo cha serikali mjini Calcutta, mapato ya shule za akina Marshman, na faida ya mtambo wa chapa wa Ward, vyote viliingia humo, na kila nyumba ikapewa posho ndogo tu ya matumizi. Mwisho wa 1800 walimbatiza Krishna Pal, seremala. Mwaka 1801 Agano Jipya la Kibengali likatoka.

Jioni ya 11 Machi 1812 moto ulishika nyumba ya chapa, ukateketeza karatasi, herufi, hati za tafsiri na kamusi kubwa ambayo Carey alikuwa ameifanyia kazi miaka mingi. Habari zilipofika Uingereza miezi kadhaa baadaye, makanisa, na si ya Wabatisti peke yao, yalichanga kwa haraka hata Fuller akalazimika kutangaza kwamba hasara imekwisha kulipwa.

Katika mapatano yao ya mwaka 1805 watu wa Serampore waliandika kwamba Bengali itapata Injili kwa wana wake wenyewe, na kwamba makanisa ya wenyeji yachague wachungaji kutoka miongoni mwao. Kwa nia hiyo walifungua chuo mwaka 1818, Wakristo na wasio Wakristo wakasoma humo pamoja, fasihi ya Mashariki na sayansi ya Ulaya. Na mwaka 1827 mfalme wa Denmark akakipa hati ya kutoa shahada. Mwaka huo huo, lakini, shirika lilivunjika. Fuller na Sutcliff walikuwa wamekufa, uongozi umehamia London mikononi mwa watu ambao Carey hakuwajua kwa nyuso, na ugomvi juu ya nani amiliki majengo ya Serampore ukazifarikisha pande mbili hadi 1837, Carey akiwa amekwisha kulala kaburini miaka 3. Lilikuwa jambo la huzuni, na chanzo chake nakiona wazi: kamati ilitaka kutawala mahali ambapo marafiki walikuwa wakiaminiana.

Tarehe hii ingekuwa pungufu mno kama ingesimama Bara Hindi, kwa sababu tendo kubwa kuliko yote ya Wabatisti katika karne ile, kwa maoni yangu, lilitendwa na watu weusi wa Jamaika. George Liele, aliyezaliwa mtumwa Virginia na kuachwa huru, aliwasili Kingston mnamo 1783, miaka 10 kabla Carey hajapanda jahazi, akahubiri na kujenga kanisa la watumwa na waliokombolewa. Hakutumwa na chama chochote. Yeye na mwenziwe Moses Baker ndio walioandikia Uingereza kuomba msaada, na mmisionari wa kwanza, John Rowe, akafika mwaka 1814 akakuta waumini wanamngoja.

Kamati ya London iliwausia wajumbe wake wasiingie katika mambo ya siasa. Baada ya Krismasi ya 1831 watumwa wa magharibi ya kisiwa, wakiongozwa na Sam Sharpe, shemasi wa kanisa la Montego Bay, waligoma kufanya kazi bila ujira. Mgomo ukageuka vita, mamia wakauawa, na Sharpe akanyongwa 23 Mei 1832. Wazungu wenye mashamba walizichoma nyumba za ibada za Wabatisti. Ndipo mmisionari William Knibb alipokwenda Uingereza akasimama mbele ya makanisa, akakataa kunyamaza, akasema utumwa na Injili havikai nyumba moja. Na makanisa yale yaliyozoea kuchangia misheni yakatia sauti yao katika madai ya uhuru, ambao ulitimia kabisa tarehe 1 Agosti 1838.

Miaka 4 tu baada ya hapo, katika 1842, watu ambao jana hawakumiliki hata miili yao waliiarifu kamati ya London kwamba makanisa yao hayahitaji tena fedha yake. Wakafungua chuo Rio Bueno mwaka 1843 cha kuwafundisha wachungaji wao wenyewe, wakakiita Calabar, jina la bandari ya Afrika ambako wengi wa wazee wao walipakiwa merikebuni. Fauka ya hayo walitaka Injili irudishwe Afrika na wana wa Afrika. Joseph Merrick, Joseph Jackson Fuller na familia kadhaa za Kijamaika walivuka bahari hadi kisiwa cha Fernando Po, na kutoka hapo wakaingia bara ya Kamerun. Merrick alisimamisha mtambo wa chapa Bimbia na kutafsiri Maandiko kwa lugha ya Waisubu, akafa safarini mwaka 1849; Fuller, aliyezaliwa utumwani, alidumu katika kazi ile takriban miaka 40. Vitabu vingi humtaja Mwingereza Alfred Saker aliyefanya kazi pamoja nao, na alistahili kutajwa; lakini kuwapitia Wajamaika kwa mstari mmoja, kama ilivyo desturi, ni dhuluma.

Kamerun ndiyo iliyokuwa mlango wa Kongo. Mwaka 1877 Robert Arthington, tajiri wa Leeds aliyeishi kama fukara ili sadaka zake ziwe kubwa, aliahidi pauni 1,000 ikiwa chama kitafika mto huo, na mwaka uliofuata George Grenfell na Thomas Comber wakaenda kutoka Kamerun. Mke wa Grenfell, Rose Edgerley, alikuwa wa asili ya Jamaika. Meli yao ndogo ya mvuke, Peace, iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande, ikachukuliwa na wapagazi kwa mamia ya mizigo kuyapita maporomoko. Wahandisi waliotumwa kuiunga walikufa kwa maradhi, na Grenfell, aliyekuwa amejifunza kazi ya mitambo ujanani, akaiunga mwenyewe pamoja na vijana wa Kiafrika hadi ikaelea mwaka 1884. Mwishoni mwa mwaka ule akafika nayo maporomoko ya Stanley, ambako watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, walikuwa wamekwisha kupiga kambi na Kiswahili kimeanza kusikika.

Miongoni mwa watoto waliotekwa na watu hao pande za Aruwimi alikuwamo Disasi Makulo, aliyekombolewa na mvumbuzi Stanley mwaka 1883 na hatimaye kulelewa na Grenfell. Alisoma, akabatizwa, akafanya kazi melini na vituoni, na mwaka 1902 akarudi kwa watu wake kuanzisha kituo cha Yalemba. Grenfell alifariki Basoko mwaka 1906, na kazi ya Yalemba ikaendelea. Mwaka 1908 Wabatisti wa Uingereza na wa Marekani, waliokuwa wakihubiri jirani kwa jirani katika Kongo ya chini, walifungua Kimpese chuo kimoja cha waalimu na wachungaji wa Kikongo, kwa gharama ya pande zote mbili. Disasi aliishi hadi 1941, na habari za maisha yake, tangu kutekwa hadi uzeeni, ziliandikwa na mwanawe, Makulo Akambu, na kuchapishwa Kinshasa mwaka 1983.