Makahhali, Mafaqihi na Maradhi ya Macho Yaliyofichika

 

Abdullah bin Abbas (r.a.), bahari ya elimu ya umma huu, alipofuka mwishoni mwa umri wake, kabla ya kufariki Taif mwaka 68 H (687). Imepokewa kwamba maji yalipoteremka machoni mwake aliambiwa angeweza kutibiwa, kwa sharti asali siku kadhaa hali ya kulala. Hakuridhia. Wapo wanaolifanya tukio hili kuwa hoja ya kuacha tiba, nasi tumelisikia likisemwa hata misikitini. Lakini mafaqihi hawakuishia hapo. Imam Malik alikataza. Abu Hanifa aliruhusu, na ndivyo walivyosema wanazuoni wa Kihanbali. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) ametaja katika al-Majmuu rai mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kujuzu: mwenye maradhi ya macho akiambiwa na tabibu mwaminifu na mjuzi kwamba akisali amelala atatibika, ana ruhusa, ijapokuwa anaweza kusimama. Tazama, kisimamo, nacho ni nguzo ya Sala, kimeachwa kwa ajili ya kuokoa jicho.

Na kwa nini alale? Maji hayo ndiyo tunayoyaita mtoto wa jicho. Kahhali, yaani tabibu wa macho, alichoma sindano pembeni mwa jicho akakisukuma chini kile kilichoziba, kisha mgonjwa akalazwa chali asitikisike kisije kikapanda tena. Ammar bin Ali al-Mausili, aliyekuwa Misri zama za al-Hakim (386–411 H/996–1021), aliandika juu ya sindano yenye tundu ya kukifyonza kabisa. Leo inajulikana kuwa si maji bali ni lenzi ya jicho yenyewe iliyoingia ukungu. Madaktari huitoa na kuweka ya bandia, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Aliyetunufaisha zaidi katika fani hii ni Ali bin Isa wa Baghdad, mwandishi wa Tadhkirat al-Kahhalin. Alikigawa kitabu chake sehemu tatu: umbile la jicho, maradhi yanayoonekana, kisha maradhi yaliyofichika yasiyofikiwa na hisia. Katika yanayoonekana aliandika juu ya jarab, ndiyo trakoma, ambayo mwishowe hugeuza kope zikakwaruza jicho. Huenezwa kwa mikono, vitambaa vya kujifutia uso na nzi, na kuosha uso ni katika kinga zake. Oman ilithibitishwa mwaka 2012 na Shirika la Afya Duniani kuwa imeiondoa kama tatizo la afya ya jamii.

Yaliyofichika ndiyo yanayotutia khofu. Glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho, huua mshipa wa fahamu wa jicho kidogo kidogo, aghalabu bila ya maumivu. Huanza kula uoni wa pembeni, na mtu anaendelea kusoma Msahafu wake kama kawaida. Mtoto wa jicho husubiri, hata aliyechelewa hupasuliwa akaona. Glakoma haisubiri. Kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone au upasuaji hulinda kilichobakia tu. Mmoja wa masheikh waliotusomesha alikuwa akijigonga milangoni, nasi wanafunzi tukisema ni uzee. Alipopelekwa kupimwa, jicho moja lilikuwa limekwisha. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya jicho kabla mwenyewe hajahisi kitu. Kwa hiyo mwenye kisukari hupimwa kila mwaka, na aliyepita miaka 40, khasa mwenye glakoma katika ukoo wake, asingoje mpaka macho yamuume.

Apimwe na nani? Hili nalo lina historia. Shaizari, aliyeandika juu ya hisba karne ya 6 Hijria, anamtaka muhtasibu awatahini makahhali kwa kitabu cha Hunain bin Is-haq (aliyefariki mwaka 873) juu ya jicho. Asiyejua tabaka za jicho na maradhi yake haruhusiwi kuwatibu watu. Makahhali wa njiani aliwatahadharisha watu nao. Hunain alikuwa Mkristo, na kitabu chake ndicho kilichokuwa mizani katika masoko ya Waislamu, jambo ambalo wenye kumkimbia daktari kwa sababu ya dini yake wangelizingatia. Na Hadithi ya Abu Dawud inamdhaminisha anayetibu bila ya kujulikana kwa utabibu.

Aliyepasuliwa akakatazwa kuinama, huashiria rukuu na sijda kwa kiasi alichoruhusiwa. Akikatazwa kutia maji jichoni, katika madhehebu yetu huosha sehemu nzima za uso na kutayamamu kwa ile isiyooshwa.